Bomba la Hewa la Jikoni na Bafuni: Kupima, Kufunga na Kulitoa Nje

Hudi, ile mashine ya kuvuta moshi juu ya jiko, ikinguruma na moshi wa chapati bado unaelea hadi sebuleni, usikimbilie kununua hudi nyingine. Fungua kabati la juu utazame bomba. Mara nyingi utakuta tundu la hudi la mm 150 limebanwa kwa redyusa (kipande cha kupunguza upana) hadi mm 100, kisha bomba laini la alumini limekunjwakunjwa kama utumbo na kuishia ndani ya dari. Mashine ni nzima. Kinachoikaba ni njia.

Feni, iwe ya jikoni au ya bafuni, haiwezi kutoa hewa zaidi ya ile ambayo bomba linakubali kupitisha. Kwa hiyo bomba huamuliwa kwanza: litatokea wapi, litakuwa pana kiasi gani, litapinda mara ngapi. Ukishajua hayo ndipo uende dukani.

Hesabu kabla ya duka

Pima chumba kwa mita: urefu mara upana mara kimo. Jikoni, zidisha jibu kwa 12, maana hewa yote inapaswa kubadilishwa mara 12 kwa saa wakati wa kupika. Nyumba ambayo mandazi na samaki hukaangwa kila siku, tumia 15. Bafuni, tumia 8.

Chukua jiko la kawaida la nyumba ya vyumba viwili: mita 3 kwa 2.4, dari mita 2.7. Hiyo ni mita za ujazo 19.4. Mara 12 unapata karibu 233 kwa saa. Sasa tazama kibandiko cha hudi: kimeandikwa 600. Usidanganyike kwamba una ziada kubwa. Namba ya kibandiko kwa kawaida ni ya kasi ya juu kabisa, na mara nyingi imepimwa bila bomba refu wala kona za nyumba yako. Chagua hudi ambayo kibandiko chake ni mara moja na nusu hadi mara mbili ya hesabu yako, kisha uitumie kwa kasi ya kati. Kwa jiko hili, 400 hadi 450 inatosha vizuri.

Upana wa bomba unatokana na kasi ya hewa. Gawanya mita za ujazo kwa 3,600 upate kiasi cha sekunde moja, kisha gawanya kwa eneo la tundu. Bomba la mm 100 lina eneo la mita za mraba 0.0079, la mm 125 lina 0.0123, la mm 150 lina 0.0177. Kasi nzuri ya nyumbani ni mita 3 hadi 6 kwa sekunde. Ikivuka 8 utaanza kuisikia, na ukuta wa kabati utatetemeka.

Hewa ya 233 kwa saa ndani ya bomba la mm 150 hukimbia mita 3.7 kwa sekunde, na hapo huhitaji kupaza sauti jikoni. Ndani ya mm 100, hewa hiyohiyo hukimbia mita 8.2. Na ile hudi ya 600, ikiwashwa kwa nguvu zote na kulazimishwa kupita mm 100, ingebidi isukume hewa kwa mita 21 kwa sekunde, yaani kilomita 76 kwa saa, karibu kabisa na kikomo cha matatu barabarani. Haifiki huko. Inanguruma, inapata joto, na moshi unabaki.

Kupunguza bomba kutoka mm 150 hadi 100 huongeza ukinzani kwa karibu mara saba na nusu kwa kiasi kilekile cha hewa. Ndiyo maana redyusa inayokuja ndani ya katoni ya hudi haifai kutumiwa kwa sababu tu imo. Iache kwenye katoni.

Kona nazo huhesabiwa kama urefu. Kila kona ya digrii 90 ya bomba la mm 150 ihesabu kama mita 2 na nusu za bomba lililonyooka. Ya digrii 45, karibu nusu ya hapo. Bomba linalopanda mita 1.2, likapinda, likaenda mita 2.5 hadi ukutani, likapinda tena kutoka nje, ni mita 3.7 kwa futi ya kupimia lakini mita 8.7 kwa feni. Usipite 10. Ukipita, panua bomba au ubadilishe njia.

Wapo wanaouliza kama mwinuko wa Nairobi, mita 1,700 hivi, unadai bomba kubwa zaidi kuliko Mombasa. Haudai. Hewa ya huku ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya sita, lakini nguvu ya feni na ukinzani wa bomba hupungua pamoja, kwa hiyo kiasi kinachopita hubaki kilekile.

Litatokea wapi

Ndani ya dari si nje. Mvuke wa githeri na mafuta ya kukaangia yakimwagwa juu ya bodi za jipsamu, baada ya misimu miwili utaona madoa ya kahawia, kisha ukungu mweusi, kisha mbao za paa zinaanza kulainika. Mafuta yaliyotanda juu ya mbao kavu na nyaya za umeme ni kuni zinazongoja cheche. Hakuna fundi anayepaswa kukushawishi kwa neno "hewa itajipata tu huko juu."

Njia bora karibu kila mara ni ukuta wa nje ulio nyuma ya jiko lenyewe. Fupi, kona moja. Kuta nyingi za Nairobi ni za mawe ya kukatwa, kama yale ya Ndarugo, ya inchi 6 au 9. Ukiongeza plasta pande zote mbili unapata sm 18 hadi 26. Kodisha drili ya kora, ile inayokata tundu la duara, ya mm 160 kwa bomba la mm 150. Kwanza toboa tundu dogo la katikati kwa biti ndefu hadi ng'ambo, kisha kata nusu kutoka ndani na nusu kutoka nje. Ukikata upande mmoja tu hadi mwisho, jiwe hupasuka upande wa pili na kubomoa plasta kipande kikubwa kama sahani. Drili iinamishwe kidogo: upande wa nje uwe chini kwa sm 1, ili mvua ya upepo isiingie na maji ya mvuke yatoke. Usiguse bimu, linta juu ya dirisha, wala nguzo. Ukigonga chuma, simama. Hapo si pa kutobolea.

Kwenye ghorofa ya nne hakuna kuning'inia dirishani. Upande wa nje ufanywe kwa kiunzi na fundi aliyevaa mkanda, au uchague njia ya dirisha.

Mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe ana dirisha. Madirisha ya chuma yenye vioo vidogo vidogo yanafaa sana kwa hili. Toa kioo kimoja, ukifungie gazeti na kukiweka mahali salama, kisha kata bamba la alumini la mm 1 na nusu hadi 2 lenye vipimo vilevile, toboa duara katikati, na ulipachike kwa pati au silikoni. Kioo kiwe na angalau sm 20 kila upande. Siku ya kuhama unarudisha kioo, hakuna ugomvi wa diposi.

Kinachosahaulika ni grili. Nafasi kati ya vyuma vya grili huwa sm 10 hadi 12, na bomba la mm 150 halipiti. Hapo ndipo watu hurudi kwenye mm 100 na kazi yote inaharibika. Mwite fundi wa kuchomelea akate chuma kimoja na kuweka fremu ya mraba ya sm 17 kuzunguka bomba. Usalama unabaki, bomba linapita. Pima grili kabla ya kununua chochote.

Paa ni njia ya tatu, kwa bangalo na maisonette. Lina kona chache lakini lina hatari ya kuvuja. Tafuta sehemu iliyo karibu na mgongo wa paa: maji yanayopita hapo ni machache, na bamba la flashingi, lile la kuzuia maji kuzunguka bomba, linaweza kuingizwa chini ya kofia ya mgongo. Flashingi ikilazwa juu ya mabati na kupakwa silikoni pekee itashika hadi jua la Januari liikaushe na kuipasua, na mvua ya Aprili itapita. Ukingo wa juu wa flashingi uwe chini ya bati la juu yake. Ukingo wa chini ukae juu ya bati la chini. Maji yasipate mahali pa kukutana na kiungo uso kwa uso. Tumia skrubu za mabati zenye washa ya mpira, zikiwa kwenye mgongo wa bati, si bondeni. Bomba lisimame sm 30 au zaidi juu ya paa, likiwa na kofia.

Halafu kuna dakti, ule mrija wa jengo unaobeba mabomba ya maji taka kutoka chini hadi juu. Keteka, mtunza jengo, atakuambia wote wanatolea humo. Panda juu ya jengo uone kama umefunikwa kwa zege. Ukifunikwa, harufu ya samaki wako itaingia bafuni kwa jirani wa ghorofa ya juu, na ya kwake kwako. Ukiwa wazi juu, unaweza kutumika kwa feni ya bafuni yenye flepu ya kuzuia hewa kurudi. Mafuta ya jikoni yasitolewe humo kabisa.

Popote utakapotokea, kaa mbali na dirisha la jirani na kamba za nguo. Mvuke wa mafuta juu ya shuka nyeupe zilizoanikwa balkoni huleta kesi ya haraka kuliko kelele.

Bomba la aina gani

Jikoni: mabati yasiyo na mikunjo, geji 28 au 26 (geji ni namba ya unene; ikipanda, bati ni jembamba zaidi). Geji 30 ni nyembamba, inabonyea ukilifunga kibano. Ukikosa bomba la mviringo dukani, mafundi wa Kamukunji, Nairobi, wanaokunja mabati kwa ajili ya majiko na masanduku watakukunjia; wape kipenyo cha ndani, urefu, na uwaambie mshono uwe wa kukunja. Mwisho mmoja uminywe kidogo ili uingie kwenye mwenzake kwa sm 4.

Bomba laini la alumini litumike tu kuunganisha hudi na bomba gumu, urefu usiozidi sm 50, na livutwe hadi mwisho. Mikunjo yake ikibaki, hewa hugongagonga kila mkunjo na mafuta hukaa humo. La plastiki lenye waya ndani lisije jikoni.

Bafuni, PVC ya maji taka ya mm 110 inafaa kabisa. Ndani ina nafasi ya kama mm 104, na shingo ya feni ya mm 100 huingia. Zungushia sponji nyembamba ya kubandika ili isitikisike. PVC haishiki kutu, na ukutani hutobolewa kwa kora ya mm 117 au 127. Usiitumie jikoni, kwa sababu moto wa sufuria ya mafuta ukivutwa ndani, PVC huyeyuka na kuupeleka mbele.

Kufunga, kuanzia kwenye jiko

Hudi ikae sm 65 hadi 75 juu ya jiko la gesi, au kama kitabu chake kinavyosema kikitaja zaidi. Chini ya hapo inapata joto kupita kiasi; juu ya hapo moshi unaikwepa kando. Upana wake usiwe mdogo kuliko wa jiko: jiko la sm 60 hudi ya sm 60, jiko la sm 90 hudi ya sm 90.

Kabla ya kuinua hudi, hakikisha vibao viwili vya flepu kwenye tundu lake vinafunguka. Hufungwa kwa tepu kiwandani ili visivunjike safarini, na hudi nyingi hufungwa zikiwa bado na tepu hiyo. Skrubu ya bomba ikiingia sana nayo huvizuia.

Panda moja kwa moja angalau sm 45 kabla ya kona ya kwanza. Hewa inayotoka kwenye feni huwa inazunguka; ikikutana na kona hapohapo hupoteza nguvu na kupiga mluzi. Kati ya kona na kona pia acha kipande kilichonyooka, na usitumie kona mbili za digrii 90 mahali ambapo mbili za 45 zingetosha.

Viungo vina ubishi wa mafundi, na jibu linategemea bomba limelala au limesimama. Kwenye bomba lililolala, mwisho uliominywa uelekee hewa inakokwenda. Kwenye lililosimama, mwisho uliominywa utazame chini, ili jasho linaloteremka libaki ndani ya bomba badala ya kutokea kwenye kiungo na kudondokea kabati. Kila kiungo kifungwe kwa riveti fupi tatu, kisha tepu ya alumini mizunguko miwili juu ya bati lililofutwa mafuta kwa spiriti. Tepu ya kitambaa ya kijivu huonekana imara siku ya kwanza, lakini joto huikausha gundi na ndani ya mwaka inaning'inia.

Bomba lililolala lishikwe kwa kibano kila mita 1.2 na literemke kuelekea nje sm 1 kwa kila mita. Linapopita ndani ya dari, livishe sufi ya kioo ya sm 2 na nusu au zaidi. Wengi huona hilo ni gharama bure hadi Julai. Asubuhi za Julai Nairobi hushuka hadi digrii 10 au 12, mvuke wa chai unakutana na bati baridi, na maji yanarudi kupitia taa ya hudi.

Nje, weka kofia yenye flepu nyepesi. Kwa jikoni usiweke wavu wa mbu. Matundu yake huzibwa na mafuta haraka. Wavu wa matundu ya mm 10 hadi 12 huzuia ndege na panya wakubwa na bado unapumua. Bafuni, ule wavu wa kuanikia kahawa unatosha.

Bafuni kwa ufupi, na waya

Bafu la mita 2.2 kwa 1.5, kimo 2.6, linahitaji karibu mita za ujazo 69 kwa saa. Feni ya mm 100 yenye 85 hadi 100 inafaa, lakini zile za panga za kawaida husukuma bomba la mita 2 hadi 3 na kona moja tu. Bafu lililo katikati ya nyumba, lenye bomba la mita 5, linataka feni ya kukaa katikati ya bomba. Feni iwe juu, mbali na mlango, karibu na mahali pa kuogea, na iendelee dakika 15 baada ya kuoga.

Fundi wa umeme awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Mwambie wazi asichukue umeme wa feni moja kwa moja kwenye waya wa shawa ya moto. Laini hiyo hulindwa na breka ya ampea 30 au 32, na waya mwembamba wa feni utaungua muda mrefu kabla breka hiyo haijashtuka. Feni iwe na fyuzi yake ya ampea 3 na swichi nje ya bafu.

Hewa ya kuingia

Hewa haitoki kama hakuna ya kuingia. Matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha ndiyo mlango wake, na ndiyo hayohayo watu huyaziba kwa magazeti kwa sababu ya baridi na mbu. Yafungue, weka wavu. Mlango wa bafu uachwe na uwazi wa sm 1 chini.

Jiko la makaa lisiwashwe ndani kwa kisingizio cha hudi. Hudi haiondoi sumu ya makaa yote, na ikivuta kwa nguvu katika nyumba iliyofungwa inaweza kurudisha moshi wa jiko lingine ndani. Gesi ya mtungi nayo ni nzito, huteremka sakafuni. Ukisikia harufu yake usiwashe hudi wala kugusa swichi: funga mtungi, fungua mlango na madirisha.

Kujaribu

Funga madirisha, acha matundu ya juu wazi, washa kasi ya kati. Kipande cha tishu kinapaswa kujishikilia kwenye chujio bila mkono. Kisha washa udi, uupitishe kwenye kila kiungo cha bomba: moshi ukisukumwa kando, kiungo kinavuja. Mwisho toka nje utazame flepu. Isipofunguka kabisa, kuna kizuizi. Ikipigapiga usiku feni ikiwa imezimwa, upepo unaingia, na flepu ya pili karibu na hudi itaituliza.

Hudi ikipoteza nguvu baada ya miezi michache, anza na chujio. Kilowekwe kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo kila mwezi, kila wiki mbili kwa anayekaanga sana. Kikiwa safi na tishu bado inaanguka, fungua kona ya kwanza juu ya hudi. Hapo ndipo mafuta na, kwa nyumba za karibu na miti, viota huanzia.